Maneno Matano ya Fundi Kichwa

Benchi lenyewe ni la mbao, refu, limeegemea ukuta katikati ya duka la fundi cherehani na kibanda cha kinyozi, na anayekaa hapo asubuhi huwa ameshaiaga miguu yake mpaka mchana. Kila kitu humfuata mtu alipo. Kahawa humfuata, kwa sababu Mama Birika huzunguka na vikombe mwenyewe. Gazeti humfuata, likipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zinalainika. Hata kinyozi, ambaye wote humwita Wembe, akiona mteja wake amenogewa na mazungumzo humletea shuka na mashine akamnyoa hapohapo, waya umetolewa dirishani. Upande wa kushoto hukaa Tela, dereva mstaafu wa malori, ambaye peke yake huchukua nafasi ya watu wawili. Upande wa kulia hukaa Katibu, aliyekuwa karani wa ofisi ya ardhi miaka thelathini na mmoja na ambaye hadi leo hawezi kukohoa bila kuomba ruhusa ya kikao. Katikati ni pa Fundi. Asubuhi hiyo katikati palikuwa wazi, maana Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake lililofungwa, kavaa shati lake la kwendea harusi.

Jina la Fundi Kichwa hakulipata kwa ukubwa wa kichwa. Kwa miaka arobaini alipima watu na kukata nguo bila kuandika hata tarakimu moja. Futi ikizunguka kiuno, anatazama mara moja, basi, imeshaingia. Urudi baada ya miaka mitatu, atakuambia bega lako la kulia limeshuka nusu inchi kuliko la kushoto na kwamba tumbo, samahani sana, limepanda cheo. Watu walileta wageni wao waje kumjaribu, na wageni waliondoka wakitikisa vichwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka alipomshonea kijana mmoja suti ya harusi, miezi mitatu iliyopita. Kijana alikuwa mwembamba, kifua cha kawaida, mikono mirefu. Suti ilitoka safi, mishono imenyooka, vifungo vimekaa sawasawa. Alipoivaa, mabega yakamwagika na suruali ikakunjamana kiunoni, na mama yake aliyekuwa amekuja kushangilia akaitazama suti ile kwa muda, kisha akakaa chini sakafuni. Ilikuwa saizi ya marehemu mumewe, inchi kwa inchi, mtu aliyezikwa miaka minane nyuma. Fundi alikuwa amempima mtoto akamshonea baba.

Hakuna aliyecheka siku hiyo, hata hapo benchini. Binti yake Fundi, mwalimu wa hesabu na mtoto wake wa pekee, alikuja kesho yake, akauchukua mkasi mkubwa, akafunga duka, akampeleka baba yake kliniki. Daktari akampa maneno matano ya kukumbuka, na baada ya mazungumzo ya dakika tano akamwomba ayarudishe. Fundi akarudisha mawili. Presha ikasoma mia moja sabini kwa mia moja. Daktari akasema hawezi kusema ni ule ugonjwa wa kusahau, wala hawezi kusema siyo. Washushe kwanza vinavyoshushika, arudi baada ya miezi mitatu. Na binti akaongeza la kwake: matokeo yakiwa mabaya, duka litauzwa na baba atahamia kwake. Chumba kilishapakwa rangi.

Leo ndiyo miezi mitatu ilitimia. Fundi hakuogopa kuhama. Aliogopa kuwa kama kaka yake mkubwa, aliyemaliza miaka yake ya mwisho akimwita yeye "bwana mgeni" na kumkaribisha kiti kila baada ya muda mfupi, kiti kilekile, kwa adabu ileile. Hilo lilimtisha kuliko kaburi, na alikuwa hajamwambia mtu.

— Kaa bwana, unatutia wasiwasi, akasema Tela. Saa nne bado sana.

— Nikikaa shati litakunjika.

— Basi simama, ila sikiliza, akasema Katibu akilikunja gazeti. Waheshimiwa, ajenda ya leo ni moja. Mwenzetu anaingia kwenye mtihani. Swali: kikao hiki kimemwandaa vipi?

— Kikao hiki hakijaandaa chochote, akasema Mama Birika akimimina. Kikao hiki kinakunywa kahawa.

— Nauliza kwa sababu mtihani wenyewe tunaujua. Si ni maneno matano? Na daktari ni yuleyule?

— Yuleyule.

— Basi na maneno ni yaleyale! akadakia Tela. Daktari ni kama trafiki, miaka nenda rudi maswali hayabadiliki. Leseni, bima, kizima moto. Tumkaririshe aingie akiwa ameiva.

Fundi akawaambia kwamba maneno yale aliyajua, binti yake alimtajia yote wakiwa njiani kurudi, na yeye akawatajia wao siku hiyohiyo, kwenye benchi hilohilo.

— Ndiyo, nakumbuka vizuri, akasema Wembe, mashine mkononi. Yalikuwa taa, mbuzi, sahani, daraja na kofia.

— Kofia umeitoa wapi? akasema Tela. Hakukuwa na kofia. Ilikuwa taa, ng'ombe, sahani, daraja, halafu ile... rangi. Rangi fulani.

— Hakukuwa na ng'ombe. Mbuzi!

— Ng'ombe! Mimi nimesafirisha ng'ombe miaka ishirini, nitakosaje kumkumbuka ng'ombe?

— Taarifa, mwenyekiti, akasema Katibu akiinua kidole. Hakuna haja ya kugombana. Siku ile niliyaandika yote matano kwenye karatasi, nikaiweka mahali salama.

— Wapi?

Katibu akajipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, kisha akatazama juu kwenye bati la kibanda.

— Mahali salama sana, akasema.

Fundi aliyajua yote matano. Yalikuwa yametulia kichwani mwake mstari mmoja, taa, mbuzi, sahani, daraja, njano, na alijua vilevile kwamba daktari hawezi kuwa mjinga wa kuyarudia. Lakini hakusema. Alijiona kama mwanafunzi anayesikiliza walimu wake wakibishana jibu.

— Tatizo siyo maneno, akasema Wembe akipuliza nywele kwenye mashine. Tatizo ni mahali yanapokaa. Mimi kazi yangu ni vichwa, nazungumza ninachokijua. Kumbukumbu iko chini tu ya ngozi ya kichwa. Ukiacha nywele zikarefuka, zinaifyonza. Ndiyo maana nawaambia kila wiki mje.

— Mbona wenye vipara nao wanasahau? akauliza Mama Birika.

— Wao zinavuja. Hakuna kizibo.

— Sikilizeni wenye uzoefu wa mashine za kweli, akasema Tela. Ubongo ni injini ya dizeli. Injini ya dizeli haizimwi ovyoovyo. Ukiizima usiku mzima, asubuhi inagoma kuwaka. Mimi tangu nianze kushika usukani nalala kwa saa tatu tu, mpaka leo nimestaafu. Na kichwa kinawaka.

— Jana ulituuliza leo ni siku gani mara nne.

— Mstaafu siku ya nini?

— Mimi naomba nitofautiane na wazungumzaji waliotangulia, akasema Katibu. Kichwa ni kabati la mafaili. Droo zake zina idadi. Zikijaa, zimejaa. Kwa hiyo mimi tangu nistaafu nimesitisha kupokea kitu kipya. Hata watu wapya nimepunguza kuwafahamu.

— Ndiyo maana jina la mkweo hulijui?

— Mkwe wangu namjua kwa sura. Jina lake ningelazimika kumtolea mtu mwingine faili.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Birika akafuta benchi kwa pembe ya aproni yake, naye akatoa la kwake, kwamba ubongo chakula chake ni sukari, kila mtu anajua, na kwamba anayekunywa kwake vikombe vitano kwa siku, sukari vijiko vitatu, hatasahau hata deni la dhambi zake.

— Hapo mama unatafuta wateja, akasema Tela. Ngojeni niwape siri ya barabarani. Umri unakwenda mbele, sivyo? Kumbukumbu inabaki nyuma. Sasa ukitembea kinyumenyume, unaikuta palepale ulipoiacha. Dereva mwenzangu alikwenda kinyumenyume tangu stendi mpaka sokoni, akakumbuka alikoficha hati ya nyumba.

— Alikumbuka, au aliiangukia? akauliza Wembe.

Fundi mwenyewe alikuwa amenyanyua mkono. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa anafungua duka dogo la vifungo, zipu na nyuzi, nalo halikuwa na umri wa zaidi ya miezi minne pale mtaani. Mwanamke akamwona, akaweka chini ufunguo, akazungusha vidole viwili kifuani, akaonyesha juu, akapiga kiganja kwa kiganja. Fundi akajibu kwa mikono yote miwili, polepole, akikosea mahali na kurudia.

Benchi lote likageuka kumtazama.

— Unafukuza nzi? akauliza Tela.

— Ananitakia heri. Anauliza naenda saa ngapi.

— Umejuaje? Yule dada si hasikii wala haongei?

— Anaongea. Sema hamuongei lugha yake.

Ikabidi aeleze. Daktari alimwambia kichwa nacho ni kama kidole, kisipopewa kazi mpya kinakakamaa. Ajifunze kitu asichokijua, na ajifunze na watu, siyo peke yake chumbani. Fundi akafikiria gitaa akaona aibu, akafikiria kompyuta akaona uvivu. Halafu siku moja akaenda ng'ambo kununua uzi, akamwona mwenye duka anavyohangaika kuandikiana na wateja kwenye karatasi za kufungia, akamwomba amfundishe lugha ya alama. Sasa huenda kila alasiri. Vidole vilivyoshika sindano miaka arobaini vilikuwa vigumu kama vijiti, na wiki ya kwanza alipotaka kumuuliza habari za mama yake, alimuuliza habari za zipu yake.

— Na hilo ndilo lililokufanya ung'ae hivyo? akauliza Wembe. Maana uso umekunjuka, nilikuwa sitaki kusema.

— Siyo hilo tu.

— Lipi lingine? Sema bwana, tusifichane dawa.

— Natembea. Kila asubuhi saa kumi na mbili, mpaka tangi la maji kule juu na kurudi.

Wakasubiri.

— Nimeacha sigara. Nameza vidonge vya presha kila siku, siyo nikijisikia. Chumvi nimepunguza, mboga nimeongeza. Usiku nalala kwa saa saba, mara nyingine nane. Nimepima masikio na macho, na miwani nikapewa.

Wakaendelea kusubiri.

— Basi, akasema Fundi.

— Basi? akasema Tela. Hakuna mzizi? Hakuna kitu cha kuchemsha ukakinywa umetazama upande fulani?

— Hakuna.

— Sasa hiyo ni dawa au ni adhabu?

Fundi akatabasamu, lakini hakuwaambia yote. Hakuwaambia kwamba siku ya kwanza aliishia nguzo ya tatu ya umeme akakaa kwenye jiwe, kifua kinamwaka, huku akitamani sigara mpaka machozi yakamtoka, mwanamume wa miaka sitini na sita. Kesho yake alifika nguzo ya nne. Nguzo zote mpaka tangini ni thelathini na moja, na anaijua kila moja, ipi ina kiota na ipi imepinda.

Katibu hakuridhika. Alisema juhudi binafsi ni njema lakini mtihani ni mtihani, na hapo akaja na mpango uliozidi yote. Alipendekeza kikao kigawane kumbukumbu. Kliniki ina dirisha linaloangalia barabarani. Kila mjumbe abebe neno moja, wajipange chini ya dirisha, na daktari akiuliza, kila mmoja akohoe kisha alitaje neno lake kwa sauti ya kupita njia.

— Taa ni yangu, akasema Mama Birika.

— Mbuzi apewe Tela, akasema Katibu. Sahani, Wembe. Daraja nalibeba mwenyewe. La tano tutalipata hukohuko.

— Safi kabisa! Tujaribu, akasema Wembe. Haya, mimi daktari. Mgonjwa, nipe maneno.

— Taa! akasema Mama Birika.

Wembe akageukia upande wa kushoto.

— Tela, wewe.

— Si nilisema ng'ombe?

— Umepewa mbuzi sasa hivi!

— Basi wewe la kwako lipi, unayejifanya daktari?

Wembe akatazama mashine yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

— Nilikuwa na... kitu cha mezani, akasema. Katibu, nikumbushe.

— Mimi siwezi kushika la kwako na langu, akasema Katibu kwa ukali kidogo. Na langu lenyewe umenipotezea.

Hapo binti akatokea, mkoba begani, uso wa mtu ambaye hakulala vizuri. Akawaamkia wote shikamoo, wakaitikia marahaba kwa sauti za watu waliokutwa na kosa. Akamtazama baba yake, akamnyoosha kola ya shati ingawa ilikuwa imenyooka.

— Baba, twende.

Wakaondoka kwa miguu, kwa sababu Fundi alikataa kupanda gari kwa umbali ule. Nyuma yao alimsikia Tela akisema, siyo kwa mzaha, "Mungu amsaidie." Fundi akaongeza hatua.

Daktari hakurudia maneno. Alitoa mengine matano kabisa, akayataja mara moja, kisha akaanza kuuliza mambo ya usingizi, ya matembezi, ya chakula, akamfunga ule mkanda wa presha mkononi, akamwambia achore saa inayosoma saa tano na dakika kumi. Fundi akachora mduara, akapanga namba, akaweka mishale bila kusita, kwa sababu mkono wake umezoea kuchora duara la kwapa kwa chaki. Binti alikaa pembeni, amekumbatia mkoba kama vile utamkimbia.

— Sasa nirudishie yale maneno, mzee wangu.

— Ngazi, akasema Fundi. Asali. Barua. Ngoma.

La tano halikuwepo. Alilitafuta. Alikwenda mpaka mahali lilipotakiwa kuwa akakuta pako wazi, na kwa dakika nzima alimwona kaka yake akisogeza kiti na kusema karibu bwana mgeni. Jasho likamtoka kwapani, kwenye shati la harusi.

— Manne, akasema. La tano sina.

Daktari akaandika, akapiga hesabu, akavua miwani. Akasema mara ya kwanza yalikuwa mawili. Akasema presha sasa ni mia moja thelathini kwa themanini na mbili. Akasema vipimo vyote alivyopima siku hiyo havionyeshi ule ugonjwa waliouogopa. Kichwa kilikuwa kimechoka, kimelemewa na presha, moshi, kukosa usingizi na upweke tangu mke wake afariki. Kisha akanyanyua kidole.

— Ila hii siyo hati ya maisha, mzee wangu. Hakuna wa kukuahidi kwamba hautakupata kamwe. Nani angeahidi? Lakini umeipunguza hatari, na umeipunguza kwa miguu yako mwenyewe. Usiache.

Binti akalia. Alilia kwa sauti, yeye mwalimu ambaye madarasa mazima humwogopa, akiegemea bega la baba yake, na baba yake akampapasa mgongoni akijua pasipo kutaka kwamba amepungua inchi moja na nusu tangu miezi mitatu iliyopita, mtoto wake, kwa mawazo.

Walikuwa wamefika ngazi ya mwisho ya kutokea nje Fundi aliposimama ghafla, akageuka, akapanda ngazi zote mbio, akapita foleni ya wagonjwa, akafungua mlango bila kubisha.

— Kisima! akasema. La tano ni kisima!

Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine, ulimi nje. Wote wawili wakamtazama.

— Kwenye alama halimo tena, akasema daktari akicheka. Lakini nakuandikia.

Nje ya geti binti alifungua mkoba, akatoa mkasi mkubwa uliofungwa kwenye kitambaa na daftari jipya la mistari. Akavishika vyote viwili, hakuvitoa mpaka amalize kusema.

— Duka lako, kazi yako. Ila kila kipimo kiandikwe, baba. Kila kimoja.

Fundi alitazama lile daftari. Miaka arobaini ya sifa ilimpita kichwani, wageni wote waliotikisa vichwa. Kisha akamkumbuka yule mama aliyekaa sakafuni mbele ya suti ya mumewe.

— Nitaandika, akasema. Lakini nitaandika baada ya kukumbuka, siyo kabla.

— Sawa, mkaidi mkubwa, akasema binti, akampa vyote viwili na kushika njia ya shuleni kwake.

Benchini walikuwa palepale. Hakuna aliyekuwa amesogea hata shubiri moja tangu asubuhi, isipokuwa gazeti lilikuwa limefika kwa Wembe. Walipomwona anakuja peke yake, anatembea taratibu, uso mkavu, wakasimamisha vikombe hewani. Fundi akapita mbele yao, akafika mlangoni pa duka lake, akaingiza ufunguo. Kufuli likagoma kidogo kwa kutu, kisha likaachia. Akayasukuma yale mabati ya mlango mpaka mwisho, yakapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

— Manne kati ya matano! akapaza sauti. Na la tano nimelirudisha mwenyewe mbio ngazini! Mia thelathini kwa themanini na mbili! Fundi Kichwa yuko kazini!

Tela akalipiga benchi kwa viganja mpaka likaruka. Wembe akawasha mashine ikalia bure kama honi. Mama Birika akapiga vigelegele, birika mkononi, akimmwagia Katibu kwenye kiatu, na Katibu hakulalamika, akasema kikao kinapokea taarifa kwa shangwe na iingizwe kwenye kumbukumbu. Fundi alisimama mlangoni akacheka mpaka miwani ikamtoka puani. Alikuwa na furaha ya kijana aliyepata kazi ya kwanza.

Kisha, kama ilivyotarajiwa, wakaanza kugawana ushindi.

— Nilisema mimi, akasema Wembe. Juzi nilimnyoa. Hewa ikaingia.

— Hewa gani? Ni kahawa yangu!

— Kahawa yako anakunywa bila sukari siku hizi, nimemwona. Hapa kilichosaidia ni ushauri wa madereva.

— Naomba ieleweke kwamba mpango wa maneno ulitoka upande huu wa benchi, akasema Katibu.

Wakiwa katikati ya hapo, mwanamke wa duka la vifungo akavuka barabara. Hakuwa amewahi kuvuka kuja upande huu; nani angemwita, na kwa maneno gani? Alikuja na kopo la vifungo vyeusi, akampa Fundi, akamshika mikono yote miwili akaitikisa. Halafu akaketi benchini, katikati, pale palipokuwa wazi. Tela akajibana kumpa nafasi. Wote wakamtazama, wakatabasamu kwa kutikisa vichwa sana, kama watu wanavyofanya wakiwa hawana la kusema.

Mwanamke akawatazama mmoja mmoja, bila haraka. Akaanzia kwenye tumbo la Tela lililokaa juu ya mapaja yake. Akaenda kwa Wembe, sigara ya tatu sikioni. Akaenda kwa Mama Birika, kijiko cha sukari mkononi, akamalizia kwa Katibu, macho mekundu ya mtu anayesinzia kwenye kiti. Kisha akamgeukia Fundi, akaongea kwa mikono. Hakuongea sana.

— Anasemaje? akauliza Wembe.

Fundi akasita kidogo, akiyapanga, maana alitaka ayatafsiri kwa haki.

— Anasema, huyu mgonjwa wenu ndiye pekee aliyepimwa. Anauliza, nyinyi wengine mnaanza lini?

Mashine ya Wembe ikazimwa. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Katibu likatoa tone moja, la pili likakataa. Tela akajitazama tumboni, akavuta shati kulifunika.

— Swali zito, akasema Katibu taratibu. Ningependekeza liundiwe kamati.

Hakuna aliyeunga mkono. Fundi alibaki amesimama akisubiri, kwa sababu alikuwa mkalimani, na mkalimani hana pa kwenda mpaka apewe jibu la kupeleka.

— Nimwambie nini? akauliza.

Gari moja likapita, wote wakalifuata kwa macho. Basi Fundi akaliweka kopo la vifungo dirishani, akanyanyua mikono, akajibu mwenyewe kwa niaba yao wote. Alijibu kirefu, vidole vyepesi, hakukosea hata mara moja, na mara tatu alimwonyesha Tela kwa kidole. Mwanamke akacheka mpaka akashika mbavu.

— Umemwambia nini? akauliza Tela kwa wasiwasi. Wewe! Umemwambia nini kuhusu mimi?

— Utajua kesho, akasema Fundi akiingia dukani kwake. Saa kumi na mbili asubuhi, nitakapokugongea mlango.